Kusafisha valvu ya EGR na throto zilizojaa masizi

Gari la zamani likianza kumisi likiwa limesimama, likakosa nguvu au kuzimika ovyo, usikimbilie kununua vipuri. Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako. Masizi yake hukutana na mvuke wa oili, yakagandana kama lami kwenye valvu hiyo na kwenye throto, yaani mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini.

Pima kabla ya kufungua. Kwa injini ya petroli yenye valvu ya vakyumu (inayofunguliwa kwa mvuto wa hewa), vuta hewa kwenye mpira wake kwa pampu ya mkono, injini ikinguruma taratibu. Ikitetemeka au kuzimika, njia iko wazi. Valvu ikifunguka na injini isijali, pameziba.

Sasa zima, acha ipoe kabisa, chomoa waya wa hasi wa betri. Vaa glavu na miwani, na ukae mbali na moto, kwani dawa ya kusafishia huwaka upesi.

Fungua valvu. Ishike upande wa umeme ukiwa juu, dawa isiingie humo. Nyunyiza, subiri dakika 10, sugua kwa mswaki. Bisibisi weka kando: ukikikwangua kiti cha valvu, pale inapokalia ikifunga, itavuja.

Kwenye manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, ndipo pa kuwa na subira. Kipande kigumu cha masizi kikidondoka hadi kwenye silinda, kinaweza kukwamisha valvu ya injini, nawe umegeuza usafi kuwa ukarabati mkubwa. Ziba matundu kwa matambara makubwa, kwangua kidogo kidogo, nyonya uchafu kwa mashine. Mimi huhesabu matambara yanapoingia na yanapotoka, kila mara.

Throto ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa. Kama ni ya umeme, usisukume kibati chake cha ndani kwa kidole. Giya zake ni dhaifu. Sensa ya hewa ina dawa yake maalumu, na waya wake hauguswi.

Usisahau valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, maana oili hupitia hapo. Itikise: isipolia, badilisha, la sivyo masizi yatarudi.

Funga kwa gasketi mpya, rudisha betri, washa, iache ingurume dakika 10 bila kukanyaga mafuta. Mzunguko wa injini ukibaki juu na ukasikia mluzi, hewa inavuja. Anza kukagua kwenye gasketi uliyofunga na mipira uliyogusa.