Kusoma mwenendo wa sukari ukiwa mjamzito

Katika mimba yangu ya pili nikiwa na kisukari cha aina ya pili, daftari lilinisaidia kuliko kitu kingine. Andika kipimo cha asubuhi kabla hujala, kisha saa moja baada ya kila mlo. Nawa mikono kwanza! Siku moja nilikuwa nimetoka kumenya tunda, mashine ya sukari ikasoma 11.2 (namba zangu zote ni za kipimo cha mmol/L), nikanawa, nikarudia, 6.4.

Lengo la kawaida ni chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo, ila lako atakupangia daktari. Namba moja isikutishe. Zikizidi asubuhi tatu mfululizo, piga simu kliniki, usingoje miadi.

Miezi mitatu ya kwanza, kwa anayetumia insulini, sukari huweza kushuka ghafla. Weka glukosi karibu na kitanda. Baadaye homoni za kondo la nyuma huipinga insulini, dozi ikapandishwa. Yangu ilikaribia mara mbili, nikalia nikidhani nimekosea. Hujakosea, dada. Mtoto akizaliwa mahitaji hushuka mara moja, hivyo uliza mapema dozi ya baada ya kujifungua, uiandike kwenye jalada la daftari.