Somo: Kusoma uzamili wa ukutubi (fani ya maktaba) mtandaoni ukiwa Dar es Salaam

Wengi huanza na tangazo la chuo na kiwango cha ada. Anza na swali la mwisho: siku utakapokuwa na cheti mkononi, nani atakitambua? Masomo yenyewe mtu mwenye bidii huyaweza. Kinachowaangusha watu ni karatasi, fedha na saa.

Hatua ya kwanza: utambuzi

Ofisi ya umma au chuo cha hapa kikipokea shahada ya nje hutaka uthibitisho wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa hiyo kabla hujalipa hata ada ya maombi, waandikie TCU. Taja jina la chuo, nchi, jina kamili la programu, na sema wazi kwamba utasoma kwa mtandao. Omba jibu la maandishi ulihifadhi. Jibu la simu halitakusaidia miaka mitatu baadaye, aliyepokea simu akiwa ameshahamia ofisi nyingine.

Baada ya hapo tazama ithibati ya fani, yaani uthibitisho wa chama cha fani kwamba programu inafikia viwango vyake. Kwa Marekani, Kanada na Puerto Rico inayotoa ni ALA, chama cha maktaba cha Marekani. Angalia vizuri hapa: ALA huipa ithibati programu, si chuo kizima. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uzamili wa ukutubi wenye ithibati, na pembeni yake uzamili wa "menejimenti ya habari" usio nayo, na majina yakakaribiana mno. Uingereza kazi hiyo inafanywa na CILIP, chama cha wakutubi cha huko. Kama utafanya kazi Tanzania, ALA si sharti. Kama unawaza ajira ya maktaba Marekani, matangazo mengi ya kazi yataitaja, na bila hiyo unaweza kujikuta unaanza upya.

Chuo kinachoahidi shahada kwa "uzoefu wa maisha" bila darasa ni duka la vyeti. Achana nacho.

Hatua ya pili: chuo gani

Usiruke cha nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, makao yake Kinondoni, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 na kina uzamili wa maktaba na menejimenti ya habari. Ada ni kwa shilingi, na hakuna kuhangaika na utambuzi. Kwa atakayeajiriwa hapa hapa, mimi ningeanzia huko.

Nje, Chuo cha San José State cha California kinafundisha uzamili wake mtandaoni kwa asilimia mia, wenye krediti 43 na ithibati ya ALA. Programu nyingine za Marekani huwa karibu krediti 36. Uingereza, Aberystwyth na Robert Gordon vina uzoefu wa miaka mingi wa kufundisha fani hii kwa masafa.

Piga hesabu kabla ya kujisajili. Krediti 36 ni kozi 12 za krediti tatu tatu. Kozi moja hula saa tisa hivi kwa wiki. Mwenye kazi ya kutwa na safari ya daladala asubuhi na jioni asichukue zaidi ya kozi mbili kwa muhula. Kwa mihula miwili kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu.

Hatua ya tatu: karatasi

Hapa ndipo muda mwingi unapotea.

Majina kwanza. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, pasipoti imeandika "Mohamed" na transkripti "Muhammad". Mfumo wa udahili wa nje utawaona ni watu wawili. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo cha wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Maliza hilo kwanza, kisha jaza fomu zote kama pasipoti ilivyoandikwa.

GPA, yaani wastani wa alama zako, ni ya pili. Vyuo vyetu huhesabu kwa 5, Marekani kwa 4. Ukiwa na 3.6 hapa una daraja la pili la juu. Ukiandika 3.6 kwenye kisanduku cha "kati ya 4" umedanganya bila kujua, na transkripti itakuumbua. Usiibadilishe kwa kikokotoo chako pia. Andika 3.6 kati ya 5.0, na kama chuo kinataka tathmini, ifanywe na taasisi wanayoitaja wao.

Transkripti mara nyingi hutakiwa itoke chuo chako moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa kwa muhuri au kwa barua pepe ya ofisi ya msajili. Ukiifungua wewe, imekufa. Omba miezi mitatu kabla dirisha la udahili halijafungwa.

Kiingereza: matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, hivyo usikimbilie kufanya mtihani kabla hujajua tarehe. Uliza kwanza kama wanakubali barua ya chuo chako inayoeleza kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi hukubali.

Hatua ya nne: kulipa

Kadi ya benki huenda ikakataa kwa sababu mbili za kawaida: malipo ya mtandaoni hayajafunguliwa, au kikomo cha siku ni kidogo kuliko ada. Yote mawili benki huyarekebisha ukiwaambia mapema. Ukituma kwa uhamisho wa kimataifa, chagua gharama zote zilipwe na mtumaji. Kwenye fomu huandikwa OUR. Ukiweka SHA, yaani gharama mgawane na mpokeaji, benki za katikati zinaweza kukata chao njiani, ada ifike pungufu kwa dola chache, na mfumo wa chuo ukakuzuia kusajili kozi. Namba ya mwanafunzi iandikwe kwenye sehemu ya maelezo, la sivyo fedha itafika na isijulikane ni ya nani.

Hatua ya tano: saa

Kipindi cha Jumanne saa moja jioni ya New York ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano hapa Dar, wakati wa baridi kwao. Wakisogeza saa mwezi Machi kinakuwa saa nane usiku. Cha saa kumi na mbili jioni ya London ni saa tatu usiku kwetu, na wakati wa joto saa mbili. Kwa hiyo uliza kabla ya kujiunga: vipindi ni vya moja kwa moja, au vinarekodiwa? Neno "mtandaoni" halijibu swali hilo.

Kazi ya kukusanywa "Jumapili 11:59 usiku" kwa saa za California, kwetu ni Jumatatu asubuhi, saa tano kasoro dakika moja wakati wa baridi na saa nne kasoro dakika moja wakati wa joto. Wapo wanaosoma ile 11 kama saa kumi na moja. Weka saa ya pili kwenye simu yako yenye majira ya chuo, usitegemee kichwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Mbagala: Wakuu, umeme kwetu unakatika na bando ni ghali. Nitaweza kweli?

Jibu: Utaweza, ukichagua programu ya vipindi vilivyorekodiwa. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kumaliza gigabaiti moja au zaidi. Ukizima kamera yako na kubaki na sauti, matumizi yanashuka sana. Pakua masomo ya wiki nzima siku moja ukiwa maktaba au ofisini. Mtihani wa moja kwa moja ndio wa kuogopa: laptopu iwe na chaji kamili, na simu ya mtandao wa pili iwe tayari pembeni.

Dada wa Tegeta: Shahada yangu ni ya ualimu, sijawahi kufanya kazi maktaba. Watanipokea?

Jibu: Vyuo vingi vya nje havidai shahada ya kwanza ya ukutubi, dada. Ila barua ya maelezo binafsi iseme kitu mahususi. "Napenda vitabu" wameisoma mara elfu. Eleza maktaba ya shule yenu ina vitabu vya namna gani, vinaazimwaje, na wewe ungebadilisha nini.

Wa Ubungo: Kuna kozi ya vitendo? Nitaifanyia wapi?

Jibu: Ipo kwenye programu nyingi, mara nyingi saa 120 hadi 150, na huweza kufanyika hapa. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kuna maktaba za vyuo. Msimamizi wako wa hapa awe na sifa ambazo chuo kimezitaja, na barua ya chuo itangulie kabla hujaenda kuomba nafasi.

Mwanachama wa Kigamboni: Uorodheshaji wa vitabu unafundishikaje kwenye skrini?

Jibu: Vizuri tu, kwa sababu siku hizi kazi yenyewe iko kwenye skrini. Weka Koha, programu ya kompyuta ya kuendesha maktaba ambayo ni ya bure, kwenye laptopu ya RAM ya GB 8, ufanye mazoezi na vitabu vilivyo mezani kwako.

Kosa moja la kwetu ulijue mapema. Kwenye MARC 21, muundo wa kuandikia rekodi za vitabu kwenye kompyuta, sehemu ya 245 ni ya jina la kitabu, na kiashiria chake cha pili, ambacho ni tarakimu moja, huiambia kompyuta iruke herufi ngapi za mwanzo wakati wa kupanga. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na "The" huwekwa 4: herufi tatu na nafasi moja. Kiswahili hakina kitu kama hicho, hivyo kwetu ni 0. Mwanafunzi akinakili rekodi ya Kiingereza na kubadilisha maneno tu, ile 4 inabaki. Kitabu kiitwacho "Maktaba za Pwani" kompyuta itaruka M-a-k-t na kukipanga kama "aba za Pwani", kwenye A. Msomaji anakitafuta kwenye M na kuambiwa hakipo, na kitabu kiko rafuni mbele yake.