Usumba, makuti na mbao: kuuvuna mnazi bila kuuharibu

Nazi ikishafuliwa, makumbi mara nyingi huishia motoni au kuachwa shambani yaoze. Ni hasara. Usumba, yaani nyuzi za kumbi, hauozi upesi kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana zamani vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa kamba zake badala ya kupigwa misumari.

Kwanza chagua kumbi. La nazi ya miezi 10 au 11, likiwa bado bichi, hutoa nyuzi laini nyeupe za kusokotea kamba. La nazi kavu hutoa nyuzi ngumu za kahawia, zifaazo brashi na mazulia ya mlangoni. Makumbi mabichi yafukie kwenye tope la ufukweni panapojaa na kupwa maji, kisha yagandamize kwa mawe. Humo vijidudu hula utomvu unaoshikanisha nyuzi, kazi inayochukua miezi 6 hadi 10. Ukifukua mapema utatwanga mpaka uchoke, na nyuzi zitakatika. Kumbi lililoiva, ganda lake la nje hubanduka kwa vidole. Litwange kwa nyundo ya mti, suuza, anika kivulini. Maji yake yananuka vibaya na huua samaki, kwa hiyo usifukie karibu na kisima wala bwawa. Chenga zinazobaki zioshe mara kadhaa zitoke chumvi, uchanganye na udongo wa kitalu. Hushika maji vizuri sana.

Makuti ya kuezekea kata yale ya chini yaliyoanza kukauka. Kila kuti hubeba kwapani mwake karara, lenye maua yatakayokuwa nazi, na mnazi hutoa kuti moja tu kwa mwezi hivi. Anayekata mabichi anakata nazi zake mwenyewe.

Mbao ni za mnazi mzee uliokoma kuzaa. Tofauti na miti mingi, ugumu wa mnazi uko pembeni na chini. Moyo wake ni laini. Nguzo na boriti zitoke ukingoni mwa sehemu ya chini ya gogo, moyo utumie kwa kazi nyepesi za ndani. Pasua mapema, kwani gogo bichi lina sukari na huota ukungu haraka. Msumeno utabutuka, uunoe mara kwa mara, na toboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari. Nguzo usiichimbie moja kwa moja ardhini. Ikalishe juu ya jiwe au zege.

Mabaki ya gogo na kisiki usiyaache shambani. Chonga, mdudu mwenye pembe anayeshambulia minazi, hutaga mayai kwenye magogo yanayooza, kisha hupanda kutoboa vilele vya minazi michanga. Yapasue, yakaushe, uyatumie kama kuni.