Kuchora kwa Asidi Juu ya Shaba: Somo la Samuel Palmer kwa Wachoraji wa Lubumbashi

Mafundi wa Lubumbashi wamezoea kugonga picha kwenye bati la shaba, na kazi yao inapamba sebule nyingi za mji huu. Bati hilohilo linaweza pia kuchorwa kwa sindano, kuliwa na asidi, kupakwa wino na kuchapa picha ileile kwenye karatasi mara nyingi. Kwa anayetaka kuanza, mwalimu ninayempendekeza ni Samuel Palmer, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1805 na kufariki Redhill mwaka 1881, kwa sababu hakuna aliyeonyesha vizuri kumshinda jinsi mwanga unavyoweza kutoka ndani ya giza la wino.

Palmer alikutana na William Blake, mshairi na mchoraji wa chapa, mwaka 1824, akiwa bado kijana, kisha akaishi miaka kadhaa katika kijiji cha Shoreham, Kent, akichora mashamba na mbalamwezi. Hata hivyo, kazi ya asidi aliianza akiwa mtu mzima, mwaka 1850, alipoingia katika chama cha wachoraji wa chapa kwa bamba dogo linaloitwa The Willow, ambalo kiganja cha mkono kinaweza kulifunika. Maishani mwake alikamilisha mabamba 13 tu. Uchache huo haukutokana na uvivu, kwani bamba moja aliweza kulirudia kwa miaka, akiziba hapa, akiongeza mistari pale, na kulirudisha kwenye asidi.

Anza na kipande cha shaba chenye unene wa milimita 1 hivi, kisichozidi sentimita 10 kwa 12. Piga tupa kingo zake zote ziwe za mshazari, la sivyo zitakata karatasi na blanketi wakati wa kuchapa. Lisugue kwa msasa laini hadi ling'ae, kisha liondoe mafuta kwa chokaa ya unga na siki. Maji yakitandaa juu yake bila kujikusanya matone, bamba liko tayari.

Nta ya kufunika bamba hutengenezwa kwa mafungu mawili ya nta ya nyuki, mawili ya lami safi na moja la kolofani, ileile ambayo mafundi wa redio huitumia wanapolehemu. Yeyusha vitu hivyo kwa moto mdogo, nje ya nyumba, maana vinawaka upesi. Pasha bamba moto kidogo, lipake utando mwembamba ulio sawa kila mahali, halafu lipitishe juu ya moshi wa mshumaa mpaka nta iwe nyeusi. Nyuma na kingoni paka vanishi.

Sasa chora kwa sindano, ukikwangua nta tu bila kuichimba shaba; asidi itakula pale tu ulipokwangua. Chagua kitu unachokijua: kichuguu kikubwa cha Katanga chini ya mwezi, na miti juu yake, kinafaa kabisa. Kumbuka kwamba picha itageuka, wa kushoto awe wa kulia.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi, na hapa ndipo usome kwa makini picha ya Palmer ya mwaka 1879, The Lonely Tower, hata kama ni kwenye skrini ya simu. Ikuze. Utaona kwamba giza lake halikupakwa kwa pamoja: ni mistari mingi iliyopishana, na katikati yake yamebaki madoa madogo ya karatasi nyeupe yanayong'aa. Ukiyajaza madoa hayo, usiku unakuwa ukuta mweusi. Kwa hiyo usichore mistari iliyobanana kabisa hata kwenye kivuli kizito; acha karatasi ipumue.

Tumia perikloridi ya feri, inayotumiwa pia na mafundi wa elektroniki, badala ya asidi ya nitriki, kwa kuwa haitoi moshi mkali. Hata hivyo vaa glavu na miwani. Weka bamba likitazama chini ili mashapo yadondoke. Baada ya dakika 5 litoe, lioshe, likaushe, na uzibe kwa vanishi mistari ya anga karibu na mwezi, ambayo itabaki hafifu. Rudisha kwa dakika 10, uzibe miti ya mbali. Rudisha tena kwa dakika 20 kwa ajili ya kivuli cha kichuguu. Vipimo hivi vijaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, kwa sababu nguvu ya dawa hutofautiana, na baridi ya Juni na Julai huifanya ile polepole zaidi.

Safisha nta kwa tapentaini. Paka wino wa mafuta, uingize mistarini, kisha futa juu kwa kipande cha chandarua kilichotiwa wanga. Karatasi nene iliyoloweshwa na kukaushwa juujuu huwekwa juu ya bamba, ikafunikwa blanketi la sufu na kupitishwa kati ya roli mbili za chuma, mashine ambayo fundi hodari wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Kusugua karatasi kwa kijiko hakutoshi, maana wino umejificha ndani ya mifereji iliyochimbwa na dawa. Ukiona mahali pamefifia, paka nta upya na urudie. Palmer mwenyewe aliacha mabamba ambayo hayajakamilika, na mwanawe Alfred Herbert akayamalizia yakachapishwa mwaka 1883.

Dawa iliyochoka usiimwage mtaroni. Imejaa shaba, na mito ya Lubumbashi na Kafubu imekwisha kubeba metali za kutosha. Iongezee magadi ya kufulia kidogo kidogo hadi iache kutoa povu, subiri tope lituame, lichuje na ulihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, mbali na watoto.