SOMO: Kuhifadhi na kuhamisha mafaili ya masomo (someni kabla ya kuuliza)

Kila muhula ukikaribia kuisha napata ujumbe ule ule: "Mkuu, flashi imekufa, ripoti yangu yote ilikuwa humo." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Kazi ikae kwenye kompyuta yako, folda moja. Usifungue ripoti ikiwa ndani ya flashi ukaanza kuandikia humo humo.

2. Weka nakala mtandaoni. Bila kulipa, Google Drive inakupa GB 15 (Gmail na picha zako zinakula humo humo), OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Kwa maandishi matupu hata hizo 2 huzimalizi. Wa video, poleni.

3. Hapa ndipo nilipoumia, someni polepole. Laptop ilijaa, nikaona folda yangu ya Drive imekula GB 11. Nikajisemea, si mafaili yako juu? Nikafuta folda nzima, nikamwaga na pipa la taka, nikalala. Kumbe programu ile *inasinki*: unachofanya huku kinafanyika na kule. Kufuta kwangu kukapanda juu vilevile. Pipa la Drive hushika vitu siku 30, na mimi nilikuja kushtuka baada ya wiki sita, msimamizi alipotaka jedwali la majibu ya dodoso. Sura nilizokuwa nimemtumia kwa barua pepe zilipona. Jedwali halikupona. Niliingiza dodoso upya kutoka kwenye karatasi, usiku tatu, nyingine mwandiko hausomeki.

Kwa hiyo: ukitaka nafasi, usibonyeze kufuta. Bofya faili kitufe cha kulia, tafuta chaguo la kuachia nafasi. OneDrive wanaliita "Free up space". Faili litabaki juu, huku libaki jina tu. Kwa OneDrive angalia na alama: kiwingu maana yake liko mtandaoni pekee, tiki ya kijani maana yake liko na kwenye mashine. Lenye kiwingu halifunguki bila intaneti, usije ukaligundua hilo mbele ya wasikilizaji. Na weka nakala ya tatu isiyosinki na chochote, diski ya nje au flashi inayokaa kabatini.

4. Flashi ya kusafirishia: kopi, usikate. Bonyeza eject kabla ya kuchomoa.

5. Kiambatisho cha Gmail kinaishia MB 25. Zaidi ya hapo tuma kiungo, na kabla ya kukituma kifungue mwenyewe kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Kikikuomba ruhusa, mwalimu naye ataombwa. Cha kuchapisha kigeuze PDF, la sivyo fonti zitahama.

6. Majina yaanze na mwaka: 2025-03-14_ripoti. Yatajipanga yenyewe. "Ripoti mwisho kabisa HII NDIYO (2)" si jina.

MASWALI

mwanagenzi: Asante mkuu. Sasa nikifuta kwenye laptop, kule juu inabaki?

Mwandishi: Hatua ya 3.

mwanagenzi: Nimeuliza tu jamani.

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu.

kalamu_nyeusi: Flashi yangu ya GB 32 iko tupu lakini inakataa video ya GB 5, inasema faili ni kubwa mno. Mbovu?

Mwandishi: Nzima kabisa. Imefomatiwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4 hata nafasi iwe tele. Kama kuna chochote humo kitoe, kisha ifomati upya kwa mpangilio wa exFAT. Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandika. NTFS achana nayo, Mac itasoma tu, haitaandika.

kalamu_nyeusi: Na mbona inaonyesha 29.8 badala ya 32?

Mwandishi: Swali zuri. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

bila_presha: Eject ni uzushi. Miaka mitano nachomoa tu.

Mwandishi: Hongera. Tutaonana mwaka wa sita.

dada_wa_maktaba: Mimi nauliza kwa kutaka kujua: mstari wa kukopi ukishajaa, eject ya nini tena?

Mwandishi: Dada, mstari kujaa si lazima data iwe imefika. Kompyuta inaweza kuipokea kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ikaandika kwenye flashi taratibu. Windows 10 tangu toleo la 1809 imewekwa isicheleweshe hivyo kwa flashi, ndiyo maana bila_presha bado anapumua. Linux inachelewesha: mstari umejaa, taa ya flashi bado inawaka.

tochi: Nje ya mada kidogo. Flashi yangu imejaa shotikati, mafaili hayaonekani.

Mwandishi: Virusi. Mafaili yapo, yamefichwa. Usibofye shotikati hata moja. Piga skani kwanza, kisha fungua CMD (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Usithubutu kuweka C.

tochi: Yamerudi yote! Ila kuna folda "System Volume Information", siijui. Nifute?

Mwandishi: Hiyo ni ya Windows yenyewe. Iache. Shotikati ndizo za kufuta.