Taya ya ng'ombe ikivimba, weka wembe chini

Wafugaji bado wanapasua taya za ng'ombe. Uvimbe ukionekana tu, wembe unatafutwa kabla ya daktari wa mifugo. Usaha unatoka kidogo, damu nyingi, na mwenye mnyama anaamini kazi imekwisha. Wiki chache baadaye uvimbe umezidi, una matundu yanayochuruzika, magego yamelegea na ng'ombe anatema majani aliyoshindwa kutafuna. Ng'ombe ambaye angetibiwa mapema sasa anauzwa kwa hasara.

Lile si jipu; ni ugonjwa wa mfupa wa taya. Bakteria aina ya Actinomyces bovis huishi kinywani mwa ng'ombe bila kumdhuru. Fizi ikichomwa na mwiba, bua gumu au kipande cha waya, au jino la kudumu likichomoza na kuacha upenyo, bakteria huyo anapenya hadi kwenye mfupa. Mfupa unalika huku ukijijenga upya ovyo, mpaka unajaa vyumba vidogo kama sega la nyuki, kila kimoja na usaha wake. Wembe wako unafungua viwili vitatu. Vilivyobaki havina pa kumwagia. Faida uliyopata ni kidonda kichafu, inzi, na usaha unaodondoka horini wanakokula wengine.

Pima kwanza kwa vidole gumba, ng'ombe akiwa amefungwa vizuri. Sukuma uvimbe kando. Jipu la kawaida huwa na joto, hubonyea katikati na mara nyingi husogea juu ya mfupa. Uvimbe wa mfupa ni mgumu, uko usawa wa magego, na hausogei hata kidogo. Ukishaona hausogei, mwite daktari siku hiyo hiyo, usingoje upasuke. Kama umeshapasuka, vaa glavu na utazame usaha: chembe ndogo ngumu za njano zinazokwaruza vidoleni zinaelekeza kwenye ugonjwa huu.

Kosa la pili ni kukisia uzito kwa macho. Haikubaliki, kwa sababu dozi yote inategemea kilo. Chukua futi ya kamba, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele (wenye nundu, nyuma ya nundu), kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Vipimo viwe sentimita. Mzunguko wa 160 na urefu wa 130 hutoa kilo 307 hivi.

Daktari huchoma iodaidi ya sodiamu (dawa yenye iodini) kwenye mshipa, polepole, miligramu 70 kwa kila kilo. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji gramu 21, yaani mililita 210 za dawa ya asilimia 10, au 105 za asilimia 20. Soma chupa! Aliyezoea moja akishika nyingine anatoa nusu ya dozi au dozi maradufu. Usijichomee mwenyewe: ikivuja nje ya mshipa inaharibu nyama ya shingo. Sindano hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10, na hapo ndipo wengi wanapotoroka kwa kuwa ng'ombe ameanza kula. Machozi mengi, kamasi, kikohozi au mba zikitokea, iodini imezidi. Simamisha na umpigie daktari.

Daktari akiandika na penisilini ya prokeini, dawa ya kuua bakteria, kiwango cha kawaida ni yuniti 22,000 kwa kilo kila siku. Kwa kilo 300 na dawa ya yuniti 300,000 kwa mililita, hiyo ni mililita 22, zigawe sehemu tatu za msuli. Maliza siku zote ulizoandikiwa.

Kupona: uvimbe unaacha kukua, matundu yanakauka. Taya haitarudi kuwa nyembamba.

Ng'ombe mwenye mimba, sema kabla ya sindano. Maziwa usiuze hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Mabua magumu yakatekate na uyaloweke, na waya wa kufungia marobota uukusanye wote kabla majani hayajafika horini.