Chupa ya barafu kwenye chumba cha giza

Kwa tuliorudi kusafisha picha nyeusi na nyeupe hapa Tanga: dawa ya kutoa picha inataka nyuzi 20 hivi, na maji yetu ya bomba mchana ni vuguvugu. Dawa ikipata joto, picha inaibuka haraka mno, unaiopoa mapema, na weusi unatoka kijivu chenye mawimbimawimbi. Inaumiza, maana karatasi ni ghali. Gandisha maji kwenye chupa ya nusu lita, itumbukize kwenye beseni la maji, kisha kalisha trei ya dawa humo. Barafu usiitie kwenye dawa yenyewe, itaizimua. Kipimajoto kiwe karibu: chini ya nyuzi 16 dawa inazubaa, picha inabaki imepauka. Trei kubwa chupa moja haiiwezi.